UZI: Ukiguswa na Malaika wa mawe hapa Nairobi, unatua mwaka gani?

MwanaJeevanjee (mwenye uzi)

Wadau, uzi huu ni wa wapenzi wa Doctor Who, ule mfululizo wa televisheni wa Uingereza kuhusu Daktari anayesafiri kupitia miaka, ila hata asiyeufuata ataelewa, nitaeleza njiani. Ambaye hajaona kipindi cha "Blink" na anataka kukitazama bila kujua mwisho wake, aishie hapa arudi baadaye. Nitakifungua chote.

Nimekirudia juzi usiku na kuna jambo limekataa kunitoka kichwani. Watu wakikisifia kipindi hiki wanasifia zimwi lake. Mimi naona hofu yenyewe iko kwenye mwaka unaotupwa, na inategemea sana wewe ni nani unapotua.

Kwa kifupi: BBC ilikirusha tarehe 9 Juni 2007. Mwandishi ni Steven Moffat, mwongozaji ni Hettie MacDonald. Binti anayeitwa Sally Sparrow (Carey Mulligan, kabla dunia haijamjua) anaingia kwenye jumba lililoachwa ili apige picha. Karatasi ya ukutani imebanduka, anaivuta, na chini yake kuna maandishi yanayomwita kwa jina na kumwambia ainame. Anainama, na kitu kizito kinapita juu ya kichwa chake kutoka dirishani. Chini ya maandishi pana jina la Daktari na mwaka: 1969.

Mazimwi wenyewe ni sanamu za malaika waliofunika nyuso kwa viganja. Ukiwatazama ni mawe. Ukipepesa macho, wameshasogea. Na wakikugusa hawamwagi damu. Wanakutupa nyuma, miaka mingi kabla hujazaliwa, halafu wanajilisha zile siku ambazo ungeziishi huku. Wewe unaishi huko ulikotupwa mpaka uzee ukuchukue.

Sasa tazameni walioguswa.

Wa kwanza ni Kathy, rafiki yake Sally. Anatua Hull, Desemba 1920, shambani. Kijana mmoja anamfuata njiani kwa upole, wanaoana, wanazaa, na kabla hajafa anaandika barua. Mjukuu wake anaileta mlangoni dakika ileile Kathy anayotoweka. Barua inasema ameishi maisha mazuri. Unalia, lakini unalia huku moyo umetulia.

Mchukue mtu wa Nairobi umfanyie vivyo hivyo. Yuko Moi Avenue leo, anaguswa, anatua palepale Desemba 1920. Reli ilifika hapa 1899, kwa hiyo mji una miaka 21. Mwaka huohuo nchi imegeuzwa kutoka himaya kuwa koloni. Akiwa mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16, askari wa kwanza atakayekutana naye atamuuliza kipande: ile karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri, iliyokunjwa ndani ya kikopo cha bati kinachoning'inia shingoni. Hana. Hana mwajiri, hana chifu anayemjua, hakuna kijiji kitakachosema huyu ni wetu. Usiku wa kwanza analala selo. Akijinusuru mwaka mmoja na ushee, Machi 1922 inamkuta: Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, amekamatwa, umati umekusanyika mbele ya kituo cha polisi karibu na hoteli ya Norfolk, Mary Muthoni Nyanjiru anawapa wanaume changamoto wasonge mbele, na risasi zinafyatuliwa. Barabara ile leo inaitwa Harry Thuku, na wanafunzi wa chuo kikuu wanaipita kila siku na mabegi yao mgongoni.

Au atupwe Aprili 1954, akute ile operesheni ya Anvil, msako wa Waingereza wa kuwatafuta Mau Mau. Mji umezingirwa alfajiri, watu wanapangwa mistari, na mbele yao ameketi mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa hivi, unaenda nyumbani. Akitikisa vile, unapakiwa kwenye lori. Hapo ndipo niliposimamisha video nikakaa. Kwenye "Blink" unapona kwa kutazama. Nairobi ya 1954 ulipona usipotazamwa.

Aliyeniuma zaidi ni Billy Shipton. Ni mpelelezi wa polisi, kijana mweusi, mcheshi, anamwomba Sally namba ya simu na anapewa. Dakika chache baadaye yuko London, 1969. Daktari na Martha, msafiri mwenzake, ambao nao wametupwa mwaka huo bila chombo chao cha kusafiria, wanamkuta na kumkabidhi kazi: awe mchapishaji, baadaye aingie kwenye video, kisha dividii, afiche mazungumzo ya Daktari ndani ya diski 17. Na asimtafute Sally hata kidogo mpaka siku yenyewe ifike. Miaka 38 ya kunyamaza. Sally anapigiwa simu kutoka hospitali siku ileile waliyoonana. Akifika, Billy ni mzee anayekata roho, na mvua inayonyesha dirishani ni ileile iliyokuwa ikinyesha walipokutana.

London ya 1969, jamani. Hotuba ya mbunge Enoch Powell dhidi ya wahamiaji ilikuwa Aprili 1968. Sheria ya kukataza kumnyima mtu nyumba au kazi kwa sababu ya rangi ilipitishwa mwaka huohuo wa 1968, yaani hadi hapo mwenye nyumba aliweza kukufungia mlango na sheria isimguse. Billy anatua katikati ya hayo bila cheti cha kuzaliwa, bila mdhamini, na anajijenga kwenye uchapishaji. Alifanyaje? Kipindi hakisemi neno.

Na waandishi wa mfululizo walijua. Tarehe 26 Mei na 2 Juni, wiki mbili tu zilizotangulia, walirusha "Human Nature" na "The Family of Blood". Humo Martha, mwanafunzi mweusi wa udaktari, yuko Uingereza ya 1913 akisugua sakafu za shule ya wavulana, na wavulana wanadhihaki rangi ya mikono yake. Muuguzi wa shule haamini kwamba mtu kama yeye anaweza kusomea udaktari. Martha anauinua mkono na kuitaja mifupa yake mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyeona tukio lile Jumamosi moja, akatazama "Blink" Jumamosi iliyofuata, alipaswa kuuliza kuhusu Billy. Mimi nauliza.

Nakipenda kipindi hiki kuliko vyote vya mfululizo ule, na ndiyo maana nakidai. Karibuni. Nyinyi mngeogopa mwaka gani, na mngetumia njia gani kutuma ujumbe ufike leo?

Kijana_Umoja

Uzi mzito huu kaka. Mimi sina haja ya kufikiria. Nitupwe 1969 kama Daktari, lakini Nairobi. Jumamosi tarehe 5 Julai nisimame Government Road, Moi Avenue ya leo, nje ya ile famasia ya Chhani, kabla ya saa saba mchana. Nimkamate waziri Tom Mboya mkono nimwambie asitoke, nje kuna risasi. Basi. Mengine yote nitavumilia.

MwanaJeevanjee

Ndugu, umegusa penyewe, na ndiyo maana sheria za kipindi hiki ni katili. Kwenye "Blink" hakuna kinachobadilika. Kila barua inayofika ilikuwa tayari imefika. Sally anasoma maandishi ya ukutani kwa sababu mwaka mzima baadaye atakutana na Daktari barabarani, kabla Daktari hajatupwa, na kumpa faili lenye kila kitu: picha, orodha ya zile diski, mazungumzo yote yameandikwa. Daktari anayasoma mazungumzo hayo mbele ya kamera 1969. Kwa hiyo nani aliyatunga? Hakuna. Yanazunguka tu.

Kwa sheria hizo ungesimama pale Government Road na kitu kingekuzuia. Umati, askari, kiatu kukatika kamba. Na ungebaki na miaka yote iliyobaki ukijua ulikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

MzeeWaMakadara

Vijana wangu, mimi hivyo vipindi huwa nakaa tu na wajukuu, lakini huo mwaka nimeuishi. Nilikuwa shule ya msingi. Siku ile habari ilitembea mitaani kabla ya redio kusema chochote. Wanawake walitoka nje ya nyumba wakasimama tu mlangoni. Watu wakaelekea Nairobi Hospital kwa miguu. Siku ya ibada pale Holy Family kulikuwa na vurugu na moshi wa kutoa machozi, tukakatazwa kutoka nje.

Wiki mbili baadaye Wamarekani wakatua mwezini. Ilikuwa Jumapili usiku kwetu, na yule mtu aliteremka ngazi Jumatatu alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili. Baba yangu alikataa kusikiliza. Alisema mwezi huo haukuwa na habari nyingine.

Mwanangu mwenye uzi, umeandika kwamba yule Billy alinyamaza miaka 38. Mboya aliuawa akiwa na umri wa miaka 38, alikuwa bado kuingia 39 mwezi wa nane. Nimeliona hilo nikaona niliseme.

MwanaJeevanjee

Shikamoo mzee. Sikuwa nimeliona. Na huko kutua mwezini kumo kwenye kipindi: Martha anasema wamekwenda kukutazama mara nne. Kwao huo ndio mwaka wa mwezini. Kwenu ni mwaka wa Mboya. Ahsante sana kwa kutuandikia.

MwalimuWaFizikia

Niingie kidogo kwenye upande wa sayansi, maana najua kuna mtu ataleta ile hoja ya kukonyeza jicho moja moja ili Malaika asikutoke machoni.

Wazo la kitu kutosogea kwa sababu kinatazamwa lina ndugu yake kwenye fizikia ya kwantamu. Mwaka 1977 Misra na Sudarshan walieleza kwamba mfumo ukipimwa mfululizo kwa haraka sana, unacheleweshwa kubadilika, wakauita kwa jina la Zeno, yule Mgiriki wa mshale usiosogea. Mwaka 1990 ilionyeshwa maabara Marekani kwa ioni za beriliamu. Lakini hizo ni chembe. Sanamu ya mawe inagongwa na hewa na mwanga kila wakati, na kwa fizikia hiyo yote ni kutazamwa. Malaika wa kweli wa aina ile asingesogea hata hatua moja mchana wala usiku.

Kuhusu kula siku zako zijazo na kuiita nishati, hapo mwandishi amejichukulia neno la darasani akalitumia apendavyo. Nalisamehe kwa sababu linafanya kazi kwenye hadithi.

Kukonyeza: mtu mzima hupepesa kama mara 15 hadi 20 kwa dakika akiwa ametulia. Ukijaribu kufumba jicho moja na kuacha lingine wazi, lile lililo wazi linakauka. Na konea, ile ngozi angavu ya mbele, ya jicho moja ikisumbuliwa, macho yote mawili hufumba kwa pamoja, hiyo ni refleksi, huiamui. Wawili mkipeana zamu mtadumu kidogo. Mtu mmoja peke yake, na vumbi la Nairobi la mwezi wa pili, sioni.

Mama_Wawili

Mwisho wa kipindi wanaonyesha sanamu za kawaida za mjini, moja baada ya nyingine. Mwanangu wa kwanza aliona hiyo sehemu, na tangu siku hiyo tukipita Kimathi Street hataki kumpa mgongo Dedan Kimathi. Anatembea kinyumenyume mpaka tuipite ile Hilton ya zamani. Nimemweleza yule ni shujaa wetu, bunduki na kisu alichoshika hakimhusu yeye. Anasema anajua, lakini hapepesi.

MwanaJeevanjee

Mama, mwambie huyo Kimathi ni wa upande wetu. Na kuna jambo la kweli hapo la kumsimulia akikua: sanamu hiyo ilizinduliwa Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe tarehe 18 Februari 1957. "Blink" ikarushwa Juni mwaka uleule. Uingereza walikuwa wanatengeneza sanamu za kuogopwa wakati sisi tunamsimamisha mtu ambaye serikali yao ilimnyonga. Sidhani kuna aliyepanga, lakini kwangu mambo hayo mawili yamekaa pamoja.

Sanamu za mji huu zimekuwa zikitembea kweli. Lord Delamere, yule mlowezi, alikuwa amekaa kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake, ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Uhuru ulipokuja akaondolewa. Malkia Victoria wa Jeevanjee Gardens alikatwa kichwa 2015. Mboya akasimamishwa Moi Avenue 2011, si mbali na alipoanguka.

Fundi_Luthuli

Mimi nimeuza diski hapa mjini miaka hiyohiyo ya 2007 kwenda mbele, na hiki kipindi nilikitazama kwa jicho la kazi. Larry, ndugu yake Kathy, anafanya kazi kwenye duka la filamu. Ndiye aliyegundua kwamba diski 17 zina mtu aliyefichwa anayeongea nusu ya mazungumzo, na zile 17 ndizo hasa diski zote alizonazo Sally nyumbani.

Sasa niwaambie. Diski nyingi zilizouzwa mitaani kwetu hazikuwa na kitu kama hicho. Aliyezinakili alikuwa anabana picha ili msimu mzima uingie kwenye diski moja, na cha kwanza kutupwa kilikuwa menyu, maelezo ya mwongozaji, vipande vya ziada. Ukiweka diski inaanza kucheza moja kwa moja, mara nyingine na maandishi ya Kichina chini. Ujumbe wa Daktari ungekuwa umefichwa kwenye menyu, ungekufa palepale kwenye kompyuta ya kunakilia. Sally wa Nairobi angesimama kwenye lile jumba akiwa hajui kitu.

Baadaye tukaacha diski, wateja wakaanza kuja na flashi. Hapo ndio kabisa. Faili ni picha na sauti tu.

Kwa hiyo swali lako la ujumbe mimi naliona ndilo kubwa. Utauweka wapi ukae?

BintiKaloleni

Swali hili nimelala nalo. Mimi hushinda kwenye nyaraka za zamani kwa ajili ya kazi, nitajibu kwa ninavyovijua.

Ukutani, hapana. Nyumba za mji huu zinabomolewa. Ukiandika chini ya karatasi ya ukutani mwaka 1969, leo pale pana ghorofa kumi na mbili na duka la simu chini. Daktari aliweza kwa sababu jumba lile liliachwa likaoza polepole bila mtu kuligusa.

Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, na ingefaa, lakini ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka baraza la jiji lilipoichukua miaka michache kabla ya Uhuru. Kwa hiyo ukitupwa kabla ya hapo, na ngozi yako ni hii, huwezi hata kupita kati ya wale simba wa mlangoni. Hii ni hoja yako ileile, mwenye uzi, kwa njia nyingine: Daktari akitaka kuacha ujumbe anaacha popote, kwa sababu milango inamfungukia.

Mimi ningetumia gazeti. Baraza lilianza 1939, la Kiswahili, na lilikuwa likichapisha barua za wasomaji. Unaandika barua ya kawaida kabisa, malalamiko kuhusu maji au mashairi ya kumjibu mshairi mwenzako, na ndani yake unaficha jina la mtu wako. Shairi ndilo bora zaidi. Herufi za kwanza za kila ubeti zikitamka jina, hakuna mhariri atakayelikata, na mtu wa miaka sabini baadaye akilisoma ataona. Gazeti likichapishwa nakala ni nyingi, hata moto ukiteketeza ofisi moja nyingine inabaki. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue iliundwa 1965, na leo mtu anaingia, anaomba faili, anasoma.

Njia ya pili ni sanduku la posta. Kuna familia zinashikilia S.L.P. ileile tangu babu, ufunguo unarithiwa kama shamba. Ukiwa na uhakika wa namba ya familia yako, unatafuta wakili, unaacha barua na maelekezo ya tarehe. Ndivyo alivyofanya Kathy kwa mjukuu, ila yeye hakuhitaji wakili.

Ninachokiogopa mimi ni cha tatu: ujumbe ufike na asiwepo wa kuufungua. Kuna makaratasi nimeyakuta yamekunjwa tangu yalipopokelewa.

MwanaJeevanjee

Dada, la shairi lenye herufi za mwanzo nimelipenda kupita kiasi. Nilikuwa nimefikiria redio, lakini sauti inapita na mkanda unaweza kufutwa. BBC wenyewe walifuta mikanda mingi ya mfululizo huu ya miaka ya sitini, na vipindi karibu mia moja vilipotea. Shirika lililotunga hadithi kuhusu ujumbe unaovuka miaka 38 lilikuwa limefuta ujumbe wake lenyewe.

Kijana_Umoja

Niulize. Hawa Malaika walirudi 2010 kwenye vipindi viwili, "The Time of Angels" na "Flesh and Stone". Mbona hakuna anayevitaja? Humo wanavunja watu shingo, na kuna mahali unawaona wakisogea kabisa.

MwanaJeevanjee

Hapohapo ndipo walipoharibu, kwa maoni yangu. Kwenye "Blink" hakuna hata picha moja ya Malaika akitembea. Waliosimama pale walikuwa waigizaji wenye vipodozi na mavazi ya kuonekana mawe, wakisimama tuli, na kazi yote ya kusogea inafanywa na mkato wa picha. Yaani ni wewe mtazamaji uliyepepesa. Ukinionyesha anageuza shingo, umeninyang'anya kazi hiyo. Na akivunja watu shingo amekuwa zimwi kama mengine. Alichokuwa nacho yeye ni kukuacha hai.

Mpenzi_wa_Jukwaa

Habari wadau, nimesoma kimya tangu jana. Mimi ni mtu wa michezo ya kuigiza na nina neno kuhusu Billy, kwa sababu nadhani lile swali la mwenye uzi lina jibu ambalo halipo kwenye maandishi ya mswada.

Billy kijana ameigizwa na Michael Obiora. Billy mzee, yule wa kitandani hospitali, ni Louis Mahoney. Mahoney alizaliwa Gambia, 1938. Alikwenda Uingereza kusomea udaktari, akauacha akaingia kwenye uigizaji, na miaka ya sitini ilimkuta hukohuko. Alifanya kazi muda wote ambao majukumu ya mtu mweusi kwenye televisheni yalikuwa ya kuhesabika, na ndani ya chama cha waigizaji alikuwa mstari wa mbele kudai usawa. Kwenye Doctor Who yenyewe alishatokea 1973 na 1975. Amefariki 2020.

Kwa hiyo tazameni tena lile tukio. Dakika chache tu. Mzee mweusi amelala, anamwambia binti kuhusu maisha yaliyoanza London 1969 bila yeye kuyachagua, anaonyesha picha ya mkewe, anatabasamu. Mswada haumpi hata sentensi ya kueleza aliyoyapitia. Lakini anayesema maneno hayo aliishi Uingereza ile kwa mwili wake. Angalieni anavyosita kabla ya kuzungumzia miaka aliyosubiri. Mwigizaji kijana aliyepakwa mvi asingeipata hiyo.

Mwongozaji alipomchagua alijua au hakujua, hilo haliniumizi kichwa. Kipo kwenye picha.

MwanaJeevanjee

Nimekwenda kulitazama kabla ya kukujibu. Nimelitazama bila sauti, halafu na sauti.

Nilichokiona ni mikono. Anapozungumza, mkono mmoja uko juu ya shuka na hausogei, na macho yake yanatoka kwa Sally yanakwenda dirishani kwenye mvua, yanarudi. Hana haraka. Sally ndiye anayelia. Nilikuwa nimelichukua lile tabasamu kama la mtu aliyesamehe. Sasa naona ni la mtu aliyemaliza kazi aliyopewa, na anajua aliyempa hakumuuliza itamgharimu nini.

Bado naudai mswada ungetupa sentensi moja. Mke wake tunaambiwa aliitwa Sally pia, basi. Tungeambiwa tu alilala wapi usiku wa kwanza, nani alimfungulia mlango. Mtu mmoja lazima alimfungulia. Ningetoa dakika tano za kukimbizana ndani ya lile jumba ili nimjue huyo mtu.

MzeeWaMakadara

Hilo nalijibu kwa wakati wetu. Mgeni aliyeshuka Nairobi bila mtu, alikuwa anauliza kwao. Anasema jina la ukoo na kijiji, anapelekwa mtaa fulani, Kaloleni, Makongeni, Pumwani, mpaka apatikane mtu wa upande wake. Akishapatikana, analala chini ya meza jikoni mpaka apate kazi. Shangazi yangu alilaza watu hivyo bila kuwajua. Swali ni kama huyo mtu wenu aliyetupwa angejua jina la babu wa babu yake. Akilijua, amepona.

BintiKaloleni

Mzee, wengi wetu tunaishia kwa babu.

MzeeWaMakadara

Basi ulizeni mapema. Mimi nipo.

Mama_Wawili

Wapendwa, mmenishawishi nikitazame chote, maana nilikuwa najua ule mwisho tu kwa sababu ya mtoto. Nianzie wapi? Huu mfululizo una miaka mingapi?

MwanaJeevanjee

Ulianza tarehe 23 Novemba 1963, siku 19 kabla ya Uhuru wetu. Usianze huko. Anza na "Human Nature", kisha "The Family of Blood", halafu "Blink", kwa mpangilio huo na bila kuruka. Hivyo Martha atakuwa ameshakuonyesha 1913 kabla Billy hajatupwa 1969, na swali la nani alimfungulia mlango utaliuliza mwenyewe. Yule mtoto wako mdogo akalale kwanza. Huyu mkubwa akitaka kukaa nawe akae, ila kile kipande cha sanamu za mwisho kiruke, kesho yake mna safari ya Kimathi Street.

Na ukifika kwa yule mzee hospitali, rudi hapa utuambie umeona nini.